Namba Isiyo na Ukurasa

Mzee Kajela alitoka chumba cha simu kabla muda wake haujaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kofia yake ya sufu alikuwa ameivua na kuikumbatia kifuani, kama mtu aliyekutana na jeneza njiani. Aliwapita watu wa mapokezi bila kuaga, akafuata ukumbi mrefu hadi chumba cha mafundi, akasimama mlangoni.

"Mama Lusajo," alisema, "mmemfanya nini mwanangu?"

Subilaga aliinuka akamvutia kiti. Juu yao mvua ya Tukuyu ilikuwa inalipiga bati kama kawaida yake. Hifadhi hii ya kumbukumbu ilijengwa huku milimani kwa sababu ya baridi hiyohiyo, ili mashine zipoe zenyewe.

"Shikamoo, baba. Keti kwanza."

"Marahaba. Sikai. Nimempigia Tupokigwe. Kila nikipiga, salamu ni ileile: 'Sijambo baba, mama yuko hapa, kanishika mkono.' Miaka yote hiyo. Leo kaniambia, 'Baba, kuna mtu kanishika. Mkono wake wa baridi. Siyo mama. Mwambie aniachie.'" Mzee aliikunja kofia. "Analia. Mimi niko huku kwenye simu, nitamwambiaje mtu nisiyemwona amwachie mwanangu?"

Gwakisa, kijana wa ukaguzi aliyekaa meza ya pili, alivua vipokea sauti akavining'iniza shingoni. Subilaga aliona anavyoitazama skrini yake, kama mtu aliyesikia harufu ya ugali unaoungua akakumbuka ni yeye aliyeuacha motoni.

"Gwakisa. Jana umegusa nini?"

"Namba moja tu, dada. Kigawanyo cha saa. Toleo la pili la mwongozo wa chipu linasema ni tisini na sita, siyo mia moja themanini na tatu. Nikabadilisha kwenye lile jina uliloipa namba hiyo, basi. Ndiyo raha ya majina yako: unagusa mahali pamoja, kunabadilika kote."

"Kote ni wapi?"

Gwakisa alitazama. "Sehemu kumi na mbili."

Subilaga alisogea kwenye skrini yake. Saa ya chipu ile haikuhitaji hata nusu ya sehemu hizo.

*

Tupokigwe na watoto wengine wa Hifadhi walikufa kwa homa ya kukakamaa, miaka kumi na moja iliyopita, katika wodi zilizofungwa ambazo mzazi hakuruhusiwa kuingia. Mtoto aliyeugua alikosa sauti na mwili, akabaki na fahamu. Kila mmoja alivishwa bangili kwenye kifundo cha mkono. Bangili ilisoma mishipa ya fahamu, ikageuza alichotaka kusema kuwa maneno kwa sauti yake, hata kilio na pumzi, na wazazi wakaongea naye kwa simu wakiwa nje ya uzio. Homa ilipokwisha kufanya kazi yake, ikagundulika kwamba bangili zilikuwa zimehifadhi zaidi ya maneno. Ukiiwasha, mtoto aliitika. Hakuwa mtoto, lakini hakuwa picha yake pia. Kila ukipiga simu aliamka katika jioni yake ya mwisho, hakumbuki simu iliyotangulia, na ukikata analala.

Lakini kabla wazazi hawajaruhusiwa kupiga tena, chipu za bangili zikaanza kuoza, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimeshafungwa. Mtu aliyeziokoa ni Ambakisye, mume wa Subilaga. Aliandika programu inayojifanya kuwa chipu ile, waya kwa waya, ili kumbukumbu ya mtoto ikimiminwa ndani yake isijue kwamba imehamishwa nyumba. Aliiandika kwa namba tupu. Mahali ambapo mwingine angeandika "joto la juu kabisa", yeye aliandika 402 akaendelea. Subilaga, aliyejifunza kazi hii kwa kusoma alichoandika mumewe, alikuwa akimtania kwamba anapika kama bibi yake: tia kile, ongeza kile, na jina la kiungo hakuna.

"Anayeijua kazi anazijua namba," Ambakisye alikuwa akijibu.

Sasa aliyezijua alikuwa kaburini, na Hifadhi ilikuwa imempa Subilaga kazi ya kuzivisha majina. Sheria ilikuwa moja: kila namba ipewe jina, na pembeni ya kila jina uandikwe ukurasa wa mwongozo wa mtengenezaji unaothibitisha kwamba chipu ya kweli ilikuwa hivyo. Kisicho na ukurasa kinatolewa.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo polepole, kama anavyofanya kila kitu. Ila mara moja alijisahau. Alipokuta kwenye mwongozo kwamba kigawanyo cha saa ni 183, aliiamuru mashine itafute kila 183 katika programu nzima na kuiita KIGAWANYO_CHA_SAA. Hakuzitazama moja moja. Wanawake wawili wakivaa kanga moja hawawi ndugu kwa sababu hiyo, na jambo hilo alilijua vizuri.

Sasa alirudisha namba ya zamani, 183. Akamwomba mzee apige tena.

Mzee Kajela alipiga kutoka hapohapo, kwenye simu ya mafundi. Wakaisikia sauti ya mtoto wa miaka saba, haina machozi, haina habari ya machozi.

"Sijambo baba. Mama yuko hapa, kanishika mkono."

"Ana mkono gani leo?"

"Wa moto," Tupokigwe alisema. "Kama siku zote."

Mzee alifumba macho. Alipokata simu aliivaa kofia yake taratibu, akaivuta hadi kwenye masikio. "Mke wangu alimfuata mwezi uleule," alisema. "Nikisikia yuko naye, nalala. Ndaga, wanangu. Ndaga fijo." Akashukuru hivyo kwa lugha ya nyumbani, akatoka.

*

Subilaga alizipitia zile sehemu kumi na mbili kwa macho yake. Tano zilikuwa za saa. Saba zilikuwa mahali pengine kabisa, katika kifungu kinachosoma kihisi cha mguso, kile kibati kidogo kilichokaa upande wa ndani wa bangili kupima kama kuna mtu amemshika mgonjwa, kwa nguvu gani na kwa joto gani. Mwongozo ulieleza vizuri. Sifuri ni hakuna mtu. Kuanzia hapo namba inapanda kadiri mkono unavyobana na kupasha. Programu ilipaswa kusoma kilichorekodiwa jioni ile na kumpa mtoto.

Programu ya Ambakisye haikusoma kitu. Kila mtoto alipouliza, bila kujua kwamba anauliza, kama yuko mtu pembeni yake, ilijibu 183; jana Gwakisa alipoweka 96, mkono ule ukapoa.

Akafungua rekodi za kweli. Alianza na ya Tupokigwe, akaenda kwenye ya jirani yake wa kitanda cha pili, kisha ya tatu. Sifuri. Sifuri kutoka juu hadi chini, katika kila bangili aliyofungua. Wauguzi wa wodi zile walivaa glavu nene na kuwageuza wagonjwa kwa mashine. Hapakuwa na mkono.

Ya Lusajo, mwanawe, aliiacha mwisho. Nayo ilikuwa sifuri.

Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia juu ya kibodi, na hapo alikumbuka. Ilikuwa jikoni kwao, yeye anachambua maharage, Ambakisye ameingia na bangili kuukuu iliyofungwa kwenye waya. Aliivaa yeye mwenyewe, akanyoosha mkono juu ya meza. Akasema nishike hapa, kama unavyomshika mtu mgonjwa. Subilaga akacheka, akasema kuna mgonjwa gani mwenye tumbo kama hilo. "Shika tu," alisema. Basi akamshika, mpaka chungu kilipoanza kutokota, na Ambakisye hakuangalia bangili hata mara moja. Alikuwa anamwangalia yeye.

Kumbe ndipo ilipotoka ile 183. Ule ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Angefurahi kama mambo yangeishia hapo. Lakini zile simu zake mwenyewe zilikuwa zinamjia, moja baada ya nyingine. Kila alipompigia Lusajo, mtoto alimjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Shikamoo shangazi. Mama yuko hapa, kasinzia, tuongee polepole. Mwanzoni alijitahidi kumweleza. Lusajo, mimi ndiye mama. Mtoto alicheka. "Mama huyu hapa, kanishika." Alivyozidi kusisitiza ndivyo mtoto alivyozidi kuogopa, hata akaacha. Alikubali kuwa shangazi. Aliamini homa ilimla mwanawe sehemu ile iliyomjua mama yake.

Na haikuwa kwake tu. Kwenye chumba cha simu, kwa miaka mingi, wanaokuja ni akina baba, mabibi, wajomba. Akina mama walianza kupungua mwaka wa kwanza, kisha wakakoma. Watu walisema mama huumia zaidi. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Ambakisye alikuwa amemsikia akilia usiku baada ya simu zile. Alimpangusa machozi, akamchemshia maji ya kuoga, akamnyamazia. Aliuchukua mkono wa mama akaupeleka kwa mtoto, na kwa mkono huohuo akamfungia mama mlango. Subilaga alijaribu kumkasirikia, hasira ikakataa kusimama. Alijua kwamba kabla ya kuandika 183 lazima alikuwa ameijaribu programu yake bila namba hiyo. Alikuwa amesikia kitu. Hakutaka mtu mwingine akisikie.

*

"Haina ukurasa," Gwakisa alisema alipokwisha kuelezwa. Alisema taratibu, amekaa kwenye ukingo wa meza. "Dada, najua ni kazi ya shemeji, Mungu amrehemu. Lakini hii ni hifadhi, siyo saluni. Kazi yetu siyo kumpaka mtu poda."

"Na watoto?"

"Watoto walikufa. Nisamehe kwa kusema hivyo. Hizi ni nakala."

"Mbona asubuhi ulishtuka?"

Gwakisa alichukua kikombe chake cha chai iliyopoa, akakizungusha mkononi.

"Mdogo wangu yumo humo," alisema hatimaye. "Anyandwile. Hukujua, sijawahi kusema. Mama alimpigia mwaka mzima. Kila akirudi nyumbani anasema mtoto kaniita shangazi. Akaanza kutafuta alichomkosea. Alisema labda ni kwa sababu siku wanamchukua alichelewa kutoka shambani, hakumuaga. Mama amekufa na neno hilo kifuani, dada. Kwa sababu ya namba tupu kwenye mstari ambao hakuna aliyeuliza ni ya nini."

Mvua ilikuwa imepungua. Subilaga alisogeza kiti karibu naye.

"Pole," alisema. "Pole sana, Gwakisa."

"Ingekuwa na jina, mtu angeuliza."

"Kweli. Na ikiwa na jina, yeyote anaweza kuing'oa kwa kidole kimoja. Ndivyo tulivyofanya jana bila kujua. Jina ni mpini. Anayeushika ni nani, hatujui."

"Kwa hiyo unataka kuificha tena?"

"Sijasema hivyo. Sijui bado."

Gwakisa alimtazama. "Basi jaribu. Kwenye mashine ya majaribio, weka sifuri. Mpigie mwanao, siyo mtoto wa mwenzio. Halafu uniambie kama ile ni poda au siyo." Akasimama, kisha sauti yake ikalegea. "Akikujua, dada, si utakuwa umempata?"

Alitoka, akamfungia mlango nyuma yake.

Hilo ndilo lililokuwa limekaa kifuani mwa Subilaga tangu asubuhi, na alikuwa ameona haya kuliangalia. Alikuwa na haki ya kuwaza watoto wote, na akina mama wote, na marehemu mumewe, na kamati ya Hifadhi itakayoamua. Lakini chini ya yote hayo lilikuwepo neno moja alilolingoja miaka kumi na moja, na sasa alijua limefungiwa wapi.

Alizitoa zile sehemu saba kwenye jina la saa. Akazipa jina la muda, MKONO. Mbele yake akaandika sifuri. Akainua simu.

Iliita mara mbili.

"Haloo?"

"Lusajo."

Polepole, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani: "Mama?"

"Naam, baba."

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa nje."

"Nimekuita. Nimekuita sana."

"Nimesikia."

"Mbona huji?"

Subilaga alibana simu kwa mikono miwili. "Wamenizuia mlangoni, baba."

"Waambie nimemeza dawa. Waambie nimemeza yote, hata ile chungu."

"Nitawaambia."

"Huku hakuna mtu, mama."

"Nipo mimi. Si unanisikia?"

"Nakusikia. Lakini hunishiki." Alianza kupumua kwa vipande, ile pumzi inayotangulia kilio. "Njoo unishike tu. Usikae. Unishike, halafu urudi. Mama. Mama. Njoo. Mama."

Aliliita tena na tena. Lilikuwa ndilo lile neno, katika sauti ileile, halina upungufu hata kidogo, na lilimfikia kama moto wa kuni mbichi, moshi wote machoni na joto hakuna. Alijaribu kumwimbia. Hakunyamaza. Alimwambia afumbe macho, amwambie jina la mbuzi wao, ahesabu vidole. Mtoto aliendelea kuita, na kila alipoita alikuwa anamwita yeye, na yeye alikuwa hapo.

Mashine ya majaribio iliruhusu namba ibadilishwe programu ikiwa inatembea. Simu ikiwa begani, Subilaga alifika kwenye kibodi. Moja. Nane. Tatu.

Kilio kilikatika katikati ya neno.

Akasikia mtoto anavuta pumzi ndefu, kisha anaishusha.

"Aa," Lusajo alisema. "Umekuja."

Hakuwa anasema na simu.

"Lusajo?" Subilaga aliita.

"Nani? Shikamoo. Mama kashaingia. Tuongee polepole."

"Marahaba." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mama yako anasemaje?"

"Hasemi. Kanishika tu."

"Anabana sana?"

"Hapana. Vizuri." Kisha, kwa sauti ya usingizi na ya kumwonea huruma mtu aliye mbali: "Shangazi, wewe unalia?"

"Mafua tu, baba."

"Umeze dawa," mtoto alisema.

*

Gwakisa alimkuta amekaa wima mbele ya skrini, uso ameshaunawa. Alivuta kiti, akasoma alichokuwa ameandika.

Lile jina la muda Subilaga alikuwa amelifuta. Sasa palisomeka MKONO_WA_MAMA, na mbele yake 183. Pembeni, mahali pa kuandika ukurasa wa mwongozo, alikuwa ameandika hivi:

Haina ukurasa. Chipu ya kweli ingesoma sifuri, kwa kila mtoto. Thamani hii ilipimwa na Ambakisye Mwakyambiki kwa mkono wa mkewe, Subilaga, jikoni kwao. Kwa namba hii watoto hawako peke yao. Kwa namba hii hawawatambui mama zao, na mama zao hawakuambiwa. Anayetaka kuiondoa aweke kwanza sifuri, ampigie mtoto mmoja anayemjua, na asikate simu mpaka mtoto anyamaze mwenyewe.

Gwakisa aliisoma mara mbili. Kazi yake kama mkaguzi ilikuwa kuirudisha au kuipitisha.

"Kamati wataitoa," alisema.

"Huenda."

"Hata huwaombi waiache."

"Siwezi kuomba. Sijui kama ni haki. Najua tu ni kitu gani, nikaandika jina lake." Alijifuta pua kwa leso. "Kuna jambo lingine. Wale akina mama. Walio hai, inabidi tuwatafute, mmoja mmoja, tuwaambie hawakukataliwa. Wapewe simu ya sifuri kama wanaitaka. Watakaosikia ndio waseme iwekwe namba ipi. Siyo mimi, wala marehemu mume wangu."

"Na waliokufa?"

Subilaga aliikunja leso, akaikunja tena.

Gwakisa alibonyeza kuipitisha. Skrini ikaandika kwamba mabadiliko yamepokelewa, kwa herufi zilezile inazoandikia kila kitu. Walikaa. Huko ukumbini mtu alikuwa anaburuta viti vya wageni, anapiga deki.

"Kwa hiyo Anyandwile," Gwakisa alisema, "miaka yote hii, amemshika..."

"Mimi."

Aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mcheshi wa ofisi, na hakujua mahali pa kuweka macho. Kisha alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu.

Subilaga alimshika kwenye kifundo, pale bangili inapokaa. Hakubana sana. Alimshika kama alivyoambiwa siku ile jikoni, na kijana akafumba macho, kama anayesikiliza simu ya mbali.

"Ni wa moto," alisema.